Stockholm kwa Anayesukuma Kiti

Kiti cha magurudumu hakina gia wala honi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo dereva inabidi alikubali akitua Stockholm na mzee wa watu. Doha ulikuwa bwana wa barabara, una gari kubwa lenye kiyoyozi cha kugandisha masikio. Stockholm wewe ni mikono miwili na viatu, na manyunyu ya kiangazi yanakulowesha bila kuuliza una leseni ya daraja gani.

Nawaandikia nyinyi madereva wa majumbani mlio bado Doha, hasa wale ambao joto likipamba moto matajiri wao huwabeba kwenda nao Ulaya. Mimi nimestaafu. Nipo Tanga, nakunywa chai yangu ya asubuhi na hakuna anayenipigia simu kuniambia nilete gari mlangoni. Mishahara na vyeo siviandiki. Mishahara mnaijua, na cheo katika udereva wa nyumbani ni kimoja tu, unaanza nacho na unaondoka nacho. Nataka kuandika kuhusu mji nilioujua nikiwa nimeinama, na kuhusu Baba Jasim, Mungu amrehemu, aliyekuwa amekaa mbele yangu muda wote huo.

Nilifika Doha miaka michache kabla ya ile Michezo ya Asia ya 2006. Nyumba ilikuwa Abu Hamour, na aliyenipokea ni Mzee Athumani, mtu wa Mombasa, dereva wa siku nyingi wa familia ile. Siku ya pili tu alinipa usukani, akakaa pembeni na tasbihi yake. Nikamuuliza barabara ile inaitwaje.

"Majina ya barabara waachie watu wa posta," akasema. "Hapa mji wajulikana kwa raundabauti. Shika hizo kichwani, zilizobaki ni mapambo."

Sisi watu wa Tanzania tunaviita vipilefti, na Doha ya wakati ule ilikuwa vipilefti vitupu. Kulikuwa na cha TV, kulikuwa na cha Upinde wa Mvua, vingine vilikuwa na sanamu ya birika, ya chaza au ya mnyama. Ukimuuliza mtu kwake ni wapi, anakwambia vuka cha TV, sida, yaani moja kwa moja, kisha kinachofuata kata kulia. Sijawahi kumpoteza mtu kwa maelekezo ya namna hiyo.

Baba Jasim alikuwa mfanyabiashara aliyekwisha kuwaachia watoto duka. Alikuwa mwembamba, mkali kidogo, na sukari ilikuwa imeanza kumnyang'anya miguu. Akiingia garini alikaa nyuma na kufumba macho. Siku yangu ya kwanza naye nilipitiliza njia ya kutokea kwenye kipilefti cha TV, nikazunguka tena kimya kimya nikidhani mzee amelala.

"Mara moja ilitosha," akasema bila kufumbua macho.

Mwili wake ulikuwa unahesabu mizunguko. Alijua yuko wapi kwa namna gari lilivyomlaza kushoto na kulia. Tulizungumza Kiarabu cha kazini, kile ambacho mwalimu wangu wa madrasa angekikana mbele ya mashahidi, kwa hiyo maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili. Siku moja nilimuuliza kwa nini hufumba macho njia nzima. Akasema akifumbua anaona maghorofa ya watu asiowajua, akifumba anaona Doha aliyoolea.

Mkewe, Mama Maryam, sikumkuta. Alikuwa ameugua miaka ile kabla sijaja, wakampeleka hospitali Stockholm, wakakaa huko kiangazi kizima. Madaktari wakimruhusu kutoka jioni, mumewe alimpeleka mlimani, kwenye benchi moja linalotazama maji. Miguu yake mwenyewe ilikuwa bado mizima wakati huo. Mama Maryam alirudi kufia Doha, lakini Baba Jasim alikuwa akisema kwamba kule kwenye benchi ndiko walikoagana. Tangu hapo kila mwaka alirudi Stockholm, akifuatana na binti yake mkubwa, Madam Nura, na mtu wa kusukuma kiti. Mtu huyo alikuwa Mzee Athumani mpaka magoti yake yalipogoma. Nikarithi mimi.

Sasa mji wenyewe. Stockholm umekaa juu ya visiwa vilivyounganishwa kwa madaraja, na upande mmoja wa mji maji ni ya ziwa, upande wa pili ni ya bahari. Kwa msukumaji maana yake ni moja: kila daraja lina mgongo, unapanda ukihema na kushuka ukivuta breki. Katikati kuna mji wa kale wanaouita Gamla Stan, wenye vichochoro na nyumba za rangi ya haradali, na chini ni mawe ya kupangwa. Mawe hayo yanapendeza sana kwenye picha. Magurudumu madogo ya mbele hayajayapenda hata siku moja. Pita pembeni, penye vibao laini vya mawe, na kama havipo, bonyeza mipini uinue magurudumu ya mbele, uende na yale makubwa ya nyuma peke yake. Mwambie mzee kwanza kabla hujamlaza, asije akadhani anaanguka.

Mabasi ya kule huinama. Dereva anabonyeza kitufe, basi linashusha bega, anateremka mwenyewe kufungua ubao, unaingia. Wala hakunji uso. Watu wa Stockholm hawakusemeshi wala hawakutazami, na siku za mwanzo niliona ni maringo. Si maringo. Hawataki kukuingilia. Muombe mmoja akusaidie kunyanyua kiti, atanyanyua, atakufungulia mlango, atakuelekeza mpaka kona, kisha atarudi kwenye ukimya wake kana kwamba hamjawahi kuonana. Ukiingia duka la dawa, chukua kikaratasi cha namba kwanza. Mimi nilisimama nusu asubuhi nikingoja kuitwa kwa heshima.

Ukiwa na mzee anayependa watu, mpeleke darajani karibu na bunge, ambako wanaume wazima wamesimama katikati ya mji mkuu wakivua samaki. Ukiwa na anayependa miti, mpandishe kivuko kinachokwenda kisiwa cha Djurgården, kivuko hakina ngazi na kisiwani kuna vyoo ambamo kiti cha magurudumu kinaingia. Jua nalo usilingojee lizame ndipo umlaze mzee. Mwezi wa Juni jua la kule halina haraka ya kwenda kokote.

Baba Jasim hakuyashika majina ya Kiswidi, na mimi ndiyo kabisa. Tukaupa mji majina yetu. Katikati ya mji kuna kipilefti chenye nguzo ya vioo, tukakiita cha TV. Darajani kwa wavuvi tukapaita Sokoni. Pale maji ya ziwa yanapokutana na ya bahari palikuwa Upinde wa Mvua. Asubuhi aliniambia, "Leo nipeleke mpaka TV, sida, turudi kwa Sokoni," nami nikajua. Madam Nura na ramani yake ya hoteli akawa anatushangaa.

Kiangazi changu cha kwanza alitaka kupelekwa benchini siku ya tatu tu. Benchi liko kisiwa cha kusini, Södermalm, juu ya mwamba, na barabara za kupandia ni za mawe na zimesimama hasa. Mimi nimekulia Tanga mjini kisha nikahamia Doha. Milima niliijua kwa kuiona kwa mbali. Tulifika nusu ya njia, pumzi zikaniishia, nikasema turudi kesho mapema. Nikakigeuza kiti, nikashuka kama dereva yeyote anavyoshuka, pua mbele. Gurudumu dogo likazama kati ya mawe mawili. Kiti kikasimama, Baba Jasim hakusimama.

Alichubuka magoti na viganja, basi. Mama wawili wenye vigari vya watoto walimnyanyua pamoja nami. Yeye alikuwa akicheka. Madam Nura hakucheka hata kidogo.

"Yuba," alimwambia baba yake jioni ile, kwa neno lao la baba, huku akimsafisha viganja. "Mjini kote nenda. Huko mlimani, hapana. Mama nimeshamzika. Niahidi."

Mzee alimpa kiganja cha pili. Kisha akasema, "Khalas. Naahidi."

Baba Jasim akisema khalas, imekwisha. Angeweza kumpuuza binti yake, pesa ni zake na kiti ni chake, lakini neno lake hakulivunja. Tuliporudi Doha nilimsimulia Mzee Athumani, naye akajishika kiuno kwa kicheko.

"Pua mbele! Wewe wafikiri ni lori la mchanga? Kiti hushuka kinyumenyume, bwana. Mgongo wako ndio breki. Na penye mawe wapanda vivyo hivyo, wavuta."

Hakuishia kwenye maneno. Karibu na nyumba palikuwa na jengo la maduka lenye njia ya kupandisha magari kwenye maegesho ya juu, na mlinzi wa hapo alikuwa Mkenya, Otieno, kijana wa Kisumu ambaye kila Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko Doha, utamkuta kanisani mtaa wa Mesaimeer akiimba besi. Mzee Athumani alikaa kitini na kofia yake ya kufuma, nikampandisha na kumteremsha pale mpaka shati likanata. Otieno akawa anatuhesabia kama refa. Hata leo nikikumbuka sauti ya mzee yule akinifokea, "Polepole, mimi si gunia la chumvi!" nacheka peke yangu.

Kwa hiyo nilijifunza kupanda mlima, na mlima tayari tulikuwa tumekatazwa. Viangazi vilivyofuata tuliutazama kutoka ng'ambo. Nilimpeleka kwenye jumba la jiji, lile la matofali mekundu lenye mnara na mataji matatu ya dhahabu juu yake, tukakaa ukingoni mwa maji. Mwamba wa Södermalm uko mkabala.

"Kuna watu benchini?" aliniuliza.

"Kutoka hapa silioni benchi, Baba. Naona miti tu."

"Vizuri. Athumani alikuwa ananiambia analiona."

Kisha sukari ikafuata macho. Kila mwaka aliona karibu nusu tu ya alichoona mwaka uliopita, hadi mji ukabaki mwanga na kivuli, halafu kivuli peke yake. Hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika. Kusukuma kukawa jambo dogo. Kazi ikawa kusema. Mara ya kwanza nilimwambia, "Hapa pazuri sana, Baba," akapiga mkono wa kiti.

"Usiniambie pazuri. Uzuri nitauamua mimi. Niambie kuna nini, upande gani, kinafanya nini."

Hili lishikeni, kwa sababu wengi wenu mtafika huko. Anza na mkono wake wa kushoto uende kulia, usirukeruke. Taja rangi hata kama mzee hazioni, aliwahi kuzijua. Kikisogea kitu, sema kinaelekea wapi. Usijaze kitu ambacho hukuona. Na ukichoka kusema, mwambie umechoka, mnyamaze wote wawili. Nilikuja kuujua mji ule kuliko nijuavyo Tanga, maana Tanga hakuna aliyenidai maelezo.

Kiangazi chetu cha mwisho huko, Ijumaa moja nilipewa mapumziko, na badala ya kwenda madukani nilipanda mlimani peke yangu. Nilipanda polepole nikitazama chini, nikiyakariri mawe, mahali pa kushika ukuta, palipo na nyumba za mbao. Nilifika. Nilikaa benchini mpaka nikalijua. Niliporudi hotelini Baba Jasim alinusa hewa kama aliyeambiwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Benchini, Baba."

Nikaanza kusema, akainua kiganja.

"Usiniambie sasa. Nihifadhie. Utaniambia siku tukiwa njiani kwenda."

Hatukwenda. Mwaka uliofuata madaktari walisema moyo wake hauwezi tena safari ya ndege. Mzee Athumani alikwisha kurudi Mombasa. Na Doha nayo ilikuwa inabomolewa na kujengwa upya, mashimo ya treni ya chini ya ardhi kila upande, na vipilefti vikaanza kukatwa kimoja baada ya kingine, pakawekwa taa. Kwa gari ni nafuu kubwa, siwezi kukataa. Lakini Baba Jasim akawa anakaa nyuma yangu, macho hayaoni, akingoja mwili umwambie alipo, na mwili haumwambii kitu. Gari linasimama, linaondoka, linasimama.

"Tuko wapi?"

"Kwenye kipilefti cha Upinde, Baba. Palipokuwa."

"Palipokuwa," akarudia.

Ikawa kila safari anauliza, na kila jibu linamuumiza. Mwishowe akaacha kutoka. Alisema hana haja ya kutembezwa katika mji wa kigeni. Chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Madam Nura alilia jikoni mbele yangu bila kujificha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza afanye nini na baba yake. Nilimpenda mzee yule, naandika hivyo bila aibu, na nilikuwa nikimwona anaondoka akiwa amekaa palepale.

Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri aliniita chumbani.

"Rajabu. Umenihifadhia?"

"Ndiyo, Baba."

"Nipeleke benchini."

Nilimvisha viatu, nikafunga mkanda, nikashusha sehemu za kuwekea miguu. Nje joto lilikuwa bado halijaamka vizuri. Tulipotoka getini nikamwambia tumetoka hotelini, njia ni kavu, kushoto kwetu kuna maji na boti ndogo nyeupe zimefungwa. Akanyoosha shingo. Mtaa wa kwanza nilikata kushoto, nikamwambia tuko TV, nguzo ya vioo iko kulia, inang'aa. Tulikuta uwanja wa kuegesha magari mtupu, nikamzungusha mzunguko kamili, taratibu, mpaka mwili wake ukalala upande. Alitabasamu, akafumba macho yasiyoona.

"Sida," akasema.

Tukavuka Sokoni, nikamtajia wavuvi, yupo mwenye koti la kijani, hajapata kitu. Tukafika Upinde wa Mvua. Kisha nikasimama, kwa sababu mbele yetu ilikuwa njia ya kupandia maegesho ya Otieno, na Doha haina mlima mwingine karibu.

Otieno alitoka kibandani akifunga vifungo vya sare.

"Buda, unampeleka mzee wapi mapema hivi?"

"Stockholm."

Alimtazama Baba Jasim, akanitazama mimi. Mafunzo ya Mzee Athumani alikuwa anayakumbuka.

"Fiti. Panda tu. Gari zikianza kuja nitazishikilia huku chini, msijali."

"Baba," nikasema, "hapa ndipo mlima unapoanzia. Ulimuahidi Madam Nura."

"Nilimuahidi mlima wa Stockholm," akasema. "Hapa ni Abu Hamour. Panda."

Nilikigeuza kiti, nikavuta kinyumenyume. Nilimwambia kila jiwe. Nilimwambia ukuta wa kulia umeota zulia la majani mafupi ya kijani, umelowa, ukishika unateleza. Nyumba za mbao, moja nyekundu, moja ya manjano, dirishani kuna chungu cha maua na paka hayupo. Nilihema, na kuhema kwangu hakukuwa kwa kuigiza. Juu kabisa, karibu na ukingo, palikuwa na benchi refu la chuma ambalo wasafishaji hukaa kungojea zamu. Nilisimamisha kiti ubavuni mwake, nikafunga breki.

"Tumefika, Baba."

Nikampa nilichomhifadhia. Kushoto, mbali, daraja refu lililojikunja mgongo. Katikati, ng'ambo ya maji, mnara mwekundu na mataji matatu, jua liko kwenye la kati. Kulia, kanisa lenye ncha nyeusi ya chuma, na treni inapita chini yake kuelekea kaskazini. Chini ya miguu yetu, boti kuukuu, moja imeanikwa nguo. Benchi ni la mbao, ubao wa pili una ufa, na hapa sauti za mji hazifiki. Nilisema mpaka nikaishiwa, kisha nikamwambia nimeishiwa. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya benchi, kiganja wazi.

Ndipo nikasikia viatu nyuma yetu. Madam Nura alikuwa amekuta chumba kitupu, akatufuata kwa miguu, na Otieno hakuthubutu kumzuia. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nilijiandaa kufokewa. Alimtazama baba yake, akautazama mkono ule, akafunga abaya yake vizuri.

"Yuba, naweza kukaa?"

"Kaa kulia kwangu," alisema Baba Jasim. "Kushoto pana mtu."

Hakukuwa na kiti upande wa kulia. Madam Nura akakaa chini, kwenye saruji, na abaya yake ya hariri. Tulikaa hivyo mpaka Otieno akapiga mluzi wa kwanza, kisha wa pili.

Nikakishika kiti kwa kushuka. Ndugu zangu, ukishuka kinyumenyume, wewe unatazama unakokwenda kwa kugeuza shingo, lakini mzee uso wake unabaki kule juu alikotoka, njia nzima. Madam Nura alishuka kando yake, ameshika mkono wa kiti.

"Bado panaonekana?" aliuliza Baba Jasim.

"Panaonekana, Yuba. Ni pazuri."

"Usiniambie pazuri," akasema. "Niambie kuna nini."

Madam Nura aliinua macho. Juu yetu kulikuwa na ukingo wa zege, taa moja iliyosahauliwa kuzimwa, na benchi la chuma.

"Kushoto," akaanza, kama nilivyokuwa nikianza mimi. "Kushoto amekaa mama."